Cheti cha Ukaguzi wa Kisheria: Je, Mwenye Duka Analazimika?

SWALI: Assalaam alaykum. Nina duka la leso katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, tuliloachiwa na marehemu baba, mimi na ndugu zangu wawili, ingawa mimi ndiye ninayelisimamia pamoja na wafanyakazi wanne. Juzi alikuja mtu akidai kwamba kila biashara sasa inatakiwa kuwa na cheti cha ukaguzi wa kisheria, na kwamba nikimlipa atanipatia. Je, ni kweli? Kama si kweli, ukaguzi huo una faida yoyote kwa duka kama langu?
Mwenye duka, Mombasa

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu msomaji. Usimlipe. Sheria za Kenya hazimtaki mwenye duka la rejareja kuwa na cheti cha namna hiyo. Ukaguzi wa kisheria hutakiwa kwa kampuni zinazouza hisa kwa umma, chini ya kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji za mwaka 2015. Hata hivyo, ukaguzi wenyewe, yaani kumwita wakili apitie hati zako na kuzilinganisha na sheria, ni jambo la manufaa, na barua yako yenyewe inaonyesha pa kuanzia.

Pa kwanza ni mirathi. Hukueleza kibali cha kaunti na usajili wa jina la biashara viko kwa jina la nani. Ikiwa bado ni la marehemu, kukilipia kibali kila mwaka hakulifanyi duka kuwa lako, kwa sababu biashara ya mtu mmoja si kampuni inayoendelea kuwapo baada ya mwenyewe kufariki: bidhaa, madeni na fedha zilizo benki huingia katika urithi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinamkataza mtu kushughulika na mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, hata akiwa mrithi halali. Nyinyi watatu mkikubaliana kwenda mbele ya Kadhi, fanyeni hivyo sasa mngali mnasikilizana, kisha msajili biashara upya kwa majina yenu.

Pa pili ni wafanyakazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inadai mkataba wa maandishi kwa ajira ya miezi mitatu au zaidi, na shauri likifika mahakamani nawe huna mkataba huo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa ni wako wewe mwajiri. (Wapo wafanyabiashara wanaomwita kibarua mtu aliyefungua na kufunga duka lao miaka sita, mahakama haitamwita hivyo.) Wakili atazame pia makato ya mishahara, yakiwamo asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya nyumba; hiyo ya nyumba peke yake ndiyo nawe unaongezea kiasi kama hicho.

Ankara za eTIMS, yaani za mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi (KRA), atazipitia kwa haraka, ila fahamu kwamba tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu ya kodi.

Kabla ya kumkabidhi yeyote faili lako, hakikisha ni wakili mwenye cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Ukaguzi hufichua kasoro, na kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi humzuia wakili kutoa siri za mteja wake bila ridhaa yake. Yule mgeni wako hafungwi na kifungu hicho.