Masharti yawekwe kabla picha haijatoka kibandani

Mhariri, wiki hii mmeuliza msanii anayeishi kwa kazi ya mikono yake afanyeje akiombwa atoe kazi bure kwa ajili ya hisani. Mimi nachora picha za mtindo wa tingatinga Dar es Salaam, na maombi hayo hunifikia sana, hasa mwaka unapoelekea ukingoni. Jibu langu ni kwamba atoe akipenda, ila masharti ayaweke yeye mwenyewe, na yaandikwe mapema.

Kabla ya yote huwa nauliza nani analipwa. Sote tumewahi kukaa kwenye kamati za harusi, tunajua mwenye ukumbi hulipwa, mpishi hulipwa, na mpambaji na mshereheshaji hawaji bila malipo ya awali. Hafla nyingi za kuchangisha huendeshwa vivyo hivyo. Hakuna anayemwomba mpishi apike pilau ya ukumbi mzima ili ajulikane, lakini mchoraji huambiwa hivyo bila wasiwasi. Nikikuta kila mtu amejitolea, natoa picha kwa moyo mweupe. Nikikuta wengine wote wanalipwa, nami naomba niwemo kwenye bajeti. Hadibodi, rangi za mafuta na fremu nimevinunua kwa fedha taslimu, na kila tabaka la rangi husubiri la chini yake likauke, kwa hiyo picha moja yaweza kunichukua siku kadhaa.

Linaloniuma zaidi ni bei. Tangu Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, alipokuwa akiuza picha zake nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mwishoni mwa miaka ya 1960, soko letu limekuwa la ana kwa ana, na wateja wanapeana habari. Picha ikinadiwa usiku mmoja kwa robo ya thamani yake, mteja wa wiki ijayo anakuja na bei hiyohiyo mdomoni, na anakwenda nayo hata kwa jirani yangu ambaye hakutoa chochote. Ndiyo maana nadai bei ya kuanzia. Isipofikiwa, picha irudi. Ikivuka, tugawane nusu kwa nusu, au nibaki na gharama za vifaa kama shughuli inanigusa sana. Pia nataka barua inayosema picha iliuzwa kiasi gani na fedha zilikwenda wapi. Taasisi moja ilichukua kazi yangu na mpaka leo sijui kama ilipata mnunuzi. Waandaaji wenye nia njema hawakatai kuandika barua hiyo, na wengi huipenda kwa sababu wafadhili wao nao wanaihitaji.

Wapo wanaonijibu kwamba wasanii wa Marekani hutoa bila kuuliza. Huko nako wanaumia: tangu sheria ya kodi ya mwaka 1969, msanii akitoa kazi yake mwenyewe huweza kupunguziwa kodi kwa gharama ya vifaa tu, ilhali tajiri aliyeinunua akiitoa kwa jumba la makumbusho anaweza kuhesabiwa bei ya soko.

Vijana wanaoanza nawasihi wachague wenyewe wanachokijali, wodi ya watoto au shule waliyosoma, na kila mwaka watenge kazi kwa ajili hiyo. Sisi wachoraji mwenzetu akiugua tunachangishana papo hapo, kwa hiyo asituambie mtu kwamba tuna mkono wa birika. Na kutoa si lazima iwe picha. Asubuhi moja ya kuwafundisha watoto wa kituo kushika brashi huwafaa kuliko picha inayoishia sebuleni kwa mgeni.

Ombi likija baada ya fungu la mwaka kwisha, huandika hivi: “Asanteni kwa kunikumbuka. Mwaka huu nimeshatoa. Mkipata mfadhili wa kuninunulia picha kwa ajili yenu, nitampunguzia bei, na jina lake nitaliandika nyuma ya picha.” Wapo waliokuja na mfadhili.