Muulize Fundi: Kondoo Saba Wamekwenda Wapi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Likizo hii mimi na binamu yangu tulikuwa tunacheza ile gemu ya matofali ya bure, ya aina ya Minecraft, unayoifungua kwenye Chrome bila kupakua kitu. Mimi nilikuwa kwenye laptopu ya baba mdogo, binamu anaingia kwa simu kwa linki niliyomtumia. Wiki mbili tumejenga nyumba ya ghorofa, shamba la ngano, zizi la kondoo saba na handaki la kukimbilia mazombi usiku. Jumatatu nimefungua nikajikuta ufukweni mikono mitupu. Nyumba hakuna, kondoo hakuna. Baba mdogo anaapa hajagusa gemu. Tumeibiwa? Vitu vyetu vitarudi?
Kidato cha Pili, Muheza

Marahaba mwanangu, na pole. Hamkuibiwa. Baba mdogo naye namwamini, gemu hakuigusa. Muulize tu swali jingine: Jumapili hakuisafisha laptopu?

Nauliza kwa sababu nami nimewahi kumliza mtoto wa watu hivyo hivyo. Nilipokuwa na kafe ya intaneti Ngamiani, Tanga, kompyuta zangu nane zote nilizifunga programu ya kuzirudisha kama zilivyokuwa mwanzo kila zikizimwa. Niliipenda mno, maana virusi vya flashi za wateja vilikuwa havilali. Basi kulikuwa na kijana akitoka shule anakuja na mia tano yake, anakaa ile kompyuta ya dirishani, anachimba. Siku ya tatu akaniuliza mnara wake uko wapi, mbona kila siku anaanza upya. Nikamwambia, kwa ujuaji wangu, labda hakuhifadhi. Kumbe alikuwa anahifadhi, mimi ndiye ninayefuta. Nimekuja kushtuka mwezi umekwisha, na yeye keshahamia kafe ya jirani.

Gemu ya bure ya namna hii, mwenye tovuti anakuletea programu tu. Kuchora milima na kuhesabu kondoo ni kazi ya laptopu yako, na mara nyingi hata ulichojenga kinawekwa humo humo, kwenye kabati dogo ambalo kivinjari hutengea kila tovuti. Baba mdogo akiingia kwenye mipangilio ya Chrome kufuta historia, akaweka tiki pia kwenye vidakuzi na data za tovuti, kabati linamwagwa lote. Yeye anajua anaondoa takataka, kumbe anaondoa kondoo.

Kabla hamjamlaumu, hakikisheni Jumatatu mlifungua kivinjari kile kile. Kabati la Chrome si la Firefox. Na mkicheza kwenye dirisha fiche (incognito), mkilifunga tu kila kitu kimekwenda. Wenye iPhone wana balaa lao: tangu 2020, Safari hufuta vitu vya tovuti ambayo hujaigusa kwa siku 7 za kutumia kivinjari. Mtoto akienda kwa bibi na simu akaisahau gemu, akirudi asishangae.

Simu ya binamu haitawaokoa. Mkicheza kwa linki, kwa kawaida aliyefungua dunia ya gemu ndiye anayeibeba kwenye mashine yake, mgeni anaonyeshwa tu.

Kuna kimoja kinachoweza kurudi. Dunia za gemu hizi nyingi huota kutokana na nambari, wachezaji wanaiita mbegu. Kama mliiandika mahali, iingizeni mnapoanzisha dunia mpya: mtakuta ufuko ule ule, mlima ule ule, mto unapinda pale pale. Nyumba na zizi mtajenga tena. Safari hii tafuteni kitufe cha kupakua nakala ya dunia, faili lake mliweke kwenye flashi kila Jumapili. Kama gemu yenu haina kitufe hicho, msipandishe ghorofa.

SWALI: Nimefungua Minecraft ya bure ya kwenye kivinjari. Nimekaa saa nzima, usiku haujaingia, zombi hata mmoja. Nimekosea wapi?
Mchimbaji, Temeke

Hujakosea. Hiyo ni Minecraft Classic, toleo la 2009 ambalo Mojang wenyewe, kampuni iliyoitengeneza Minecraft, waliliweka mtandaoni bure mwaka 2019 kusherehekea miaka 10. Ina aina 32 za matofali, unaalika wenzako hadi 9 kwa linki, basi. Hakuna njaa wala kufa. Hata kasoro za enzi zile wameziacha makusudi. Ile yenye siku ya dakika 20, giza likiingia unatafuta pa kujificha, inauzwa.

SWALI: Salaam Fundi. Mwanangu wa miaka tisa anacheza gemu ya matofali ya kwenye kivinjari kwa simu yangu. Juzi namsikia anasema "rafiki yangu kanipa almasi". Rafiki yupi? Hata jina hamjui! Nimnyang'anye?
Mama wa Watatu, Morogoro

Wa alaikum salaam, mama. Usimnyang'anye kwanza, kaa naye dakika kumi umwambie akuonyeshe anaingia vipi. Kuna dunia za wazi, yeyote anapita kama stendi ya Msamvu, na kuna za linki, anaingia uliyemtumia. Mfungulie ya linki, linki mtumie shangazi yake mwenye watoto, na sehemu ya kuandikiana ujumbe izime kama inazimika. Almasi mwachie.

Kingine ni matangazo, maana ndiyo yanayolipia hiyo bure. Gemu ya kivinjari haihitaji kupakuliwa, kwa hiyo kitufe chochote cha kijani kinachomwambia apakue kitu ili aendelee, mfundishe kukipita.

SWALI: Fundi, nafundisha sekondari Lushoto. Tuna kompyuta sita za zamani, intaneti ni bando la simu yangu, na umeme unaujua. Wanafunzi wa klabu wanataka gemu ya matofali ya kucheza pamoja. Nifanyeje?
Mwalimu wa Klabu

Mwalimu, wewe achana na kivinjari. Tafuta Luanti, programu ya gemu za matofali ambayo hadi 2024 ilikuwa inaitwa Minetest. Aliianzisha Perttu Ahola wa Finland mwaka 2010, ni bure kabisa, na haina makuu na kompyuta kongwe. Nenda penye intaneti mara moja tu. Ukishaisakinisha utaikuta tupu, usidhani imeharibika: ingia sehemu yake ya maudhui upakue gemu yenyewe. Ukitaka njaa, mazombi na uchimbaji chukua VoxeLibre. Kisha beba vyote kwa flashi hadi maabara.

Kompyuta moja ianzishe dunia ikiwa imewekewa tiki ya kuwa seva, yaani mashine mwenyeji ambayo nyingine zinaingia kwake. Nyingine zinaandika anwani yake na namba ya mlango, 30000. Hazihitaji intaneti, zinahitaji kuonana tu: swichi ndogo ya mtandao, kile kiboksi cha kuunganishia kompyuta, na nyaya zake zinatosha, au hotispoti ya simu yako bando likiwa limezimwa, kama kompyuta zina Wi-Fi.

Mkuu wa shule akinuna, mwambie UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wale wa Gigiri, Nairobi, walianza mwaka 2012 kushirikiana na Mojang katika Block by Block, mradi wa wakazi kuchora maeneo yao ya umma ndani ya Minecraft, na uwanja wa michezo wa Silanga kule Kibera ni miongoni mwa sehemu za mwanzo zilizochorwa kwa matofali ya Minecraft.

Seva iwe laptopu yako yenye betri, usiweke kwenye kompyuta ya mezani hata kama ina nguvu zaidi. Umeme ukikatika wanafunzi watatupwa nje, lakini dunia itabaki imesimama mpaka uifunge mwenyewe kwa utaratibu. Folda yake inaitwa worlds. Inakili kwenye flashi kabla hujafunga mlango wa maabara, siyo kesho yake.