Mama anawashwa kila msimu wa korosho

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nipo Newala, naomba msaada kuhusu mama yangu, ana miaka 58. Huu mwaka wa 2 sasa ngozi ya usoni na shingoni inamuwasha mpaka anajikuna anatoka damu, na mikono kwa nje imekuwa myeusi na migumu kama gamba la mti. Ilikuwa inaanza mwezi wa 9 tukiingia shambani kuokota korosho, mvua zikianza inapungua, ila safari hii haijaisha kabisa. Majirani wanasema ni mafuta ya korosho, bibi anasema karogwa na yule tuliyegombania nae mpaka wa shamba. Dukani walimpa krimu, akapoa wiki moja afu ikarudi vibaya zaidi. Dawa anazotumia ni za presha tu. Je, tuache kwenda shamba? – Binti wa Newala

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe mama pole sana, kuwashwa usiku kucha sio jambo dogo.

Kuna neno umeandika limenifanya nirudie swali lako, umesema mikono "kwa nje". Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza kweli, ila yanaanzia kwenye vidole na viganja maana ndo vinavyoshika, waulize wanaobangua. Kwahiyo kesho asubuhi mkalishe mama mlangoni penye mwanga, ashushe khanga, umwangalie chini ya kidevu, nyuma ya masikio, kope za juu na kifuani chini ya shingo ya gauni. Kama huko ngozi ni nzima, na ugonjwa unaanzia palepale nguo inapoishia kama mtu kachora mstari, basi kinachomuumiza ni mwanga wa jua. Huyo mliyegombania nae mpaka hana kosa, tafadhali mwambieni bibi.

Watu wengi wanadhani mambo ya jua ni ya wenye ualbino tu. Hapana, ngozi nyeusi nayo inapata aleji ya jua, yani mwanga unabadilisha vitu kwenye ngozi na kinga ya mwili inavishambulia kama adui, na ikikaa muda mrefu ngozi inakuwa nene na nyeusi hivohivo ulivyoeleza. Na kwetu huku mwezi wa 10 jua linapita utosini kabisa, saa 6 mchana kivuli chako unakikanyaga, na ndo mko shambani mmeinama shingo iko wazi.

Sasa chukua pakiti ya dawa ya presha. Ikiwa imeandikwa haidroklorothayazaidi, pakiti nyingine wanafupisha HCTZ, hiyo inajulikana kabisa kwa kufanya ngozi isivumilie jua, hata kama mtu ameitumia miezi mingi bila shida. ASIIACHE MWENYEWE, nakuomba sana, presha ikipanda anaweza kupata kiharusi. Aende nayo mkononi hospitali, dawa za presha ziko nyingi, watambadilishia, na ngozi inaweza kuchukua miezi kutulia kwahiyo msikate tamaa mapema. Wampime na VVU, maana navyo vinaweza kufanya ngozi isivumilie jua, na kama viungo vinamuuma, nywele zinakatika au ana vidonda mdomoni aseme, wamwangalie lupasi, yani ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe. Wilayani wakikosa daktari wa ngozi ombeni rufaa.

Ile krimu ya dukani aiache. Nyingi zina steroidi kali, yani dawa za kupunguza uvimbe na muwasho, zinatuliza siku chache huku zinaifanya ngozi iwe nyembamba. Daktari anaweza kumpa steroidi, ila kwa muda maalum na kwa kipimo.

Shamba msiache, najua ada za watoto zinatoka humo. Mama aokote toka alfajiri mpaka saa 4, arudi saa 10 jioni. Avae mikono mirefu na kofia pana ya ukili, shingoni ajifunge kitenge kizito. Khanga iliyochakaa inue juu kwenye mwanga, ukiona upande wa pili ujue jua nalo linapita. Mafuta ya kuzuia jua yawe yameandikwa SPF (kipimo cha nguvu ya kuzuia jua) 30 kwenda juu, apake kila baada ya saa 2, ila ni ghali, kwahiyo anzeni na nguo. Mawingu yasiwadanganye, na kwenye basi akae upande wa kivuli maana kioo hakizuii miale yote.

Mkishaisoma hiyo pakiti niandikie jina la dawa.