Habari ya Wiki Darasani: Mwanafunzi wa Sekondari Msingi Aanzie Wapi?

Mwambie mwanafunzi wa Gredi ya 8 aje Ijumaa na habari ya wiki, naye atakuletea "ufisadi" au "mabadiliko ya tabianchi". Hizo ni mada. Habari ina tarehe na mahali, na kuna jambo lililokuwa hivi jana na leo liko vingine. Kabla hajaenda kutafuta lolote, mpe masharti matatu: iwe imetokea ndani ya siku saba, iwe na nambari moja anayoweza kuieleza, na iwe inamgusa mtu anayeishi Kisumu, Nakuru, Kakamega au popote shule yenu ilipo.

Kwa wanaoanza, bei ya mafuta inafaa kuliko zote. EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na mafuta, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, nazo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tangazo linalofuata. Orodha hutaja petroli, dizeli na mafuta taa, mji kwa mji. Mwanafunzi anakili bei za Mombasa, Nakuru na Kisumu, apige hesabu ya tofauti, kisha aeleze kwa nini Mombasa huwa chini: mafuta huteremshwa bandarini kule, na kuyaleta huku bara kuna gharama yake. Baada ya hapo amuulize konda wa matatu za Kondele, Kisumu, kama nauli imeguswa. Mara nyingi bei ikipanda nauli hupanda nayo, lakini ikishuka, nauli hubaki pale pale. Sasa ana swali lake mwenyewe, na darasa litamsikiliza kwa sababu wote hupanda matatu hizo hizo.

Simu za wanafunzi haziingii shuleni, kwa hivyo msingi wa kazi uwe gazeti na redio. Taifa Leo la juzi linatosha kabisa. Si lazima liwe la leo. Taarifa ya saa moja jioni kwenye runinga ni nzuri pia, ila ina shida yake: nambari hutajwa mara moja tu, na kufika asubuhi milioni imekuwa bilioni. Aliyesikiliza Ramogi au Mulembe, redio za Kijaluo na Kiluhya, ana kazi zaidi, maana anahamisha habari kutoka lugha moja hadi nyingine kichwani. Dawa ni kuandika nambari kwa tarakimu papo hapo, pamoja na jina la aliyeitaja. Maneno mengine yatakumbukwa.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuchanganya kilichopendekezwa na kilichopitishwa. Mswada wa Fedha wa 2024 ni mfano mzuri wa kufundishia. Ulipendekeza VAT (kodi ya thamani iliyoongezwa) ya asilimia 16 kwa mkate. Pendekezo hilo liliondolewa wabunge wakiwa bado wanaujadili, na tarehe 26 Juni 2024 Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada wenyewe. Hata hivyo utamsikia mwanafunzi akisema "serikali ilitoza mkate kodi". Chora mstari ubaoni wenye vituo vinne: imependekezwa, inajadiliwa, imepitishwa, inatumika. Kila mwasilishaji aweke kidole pale habari yake ilipofika. Asipojua, arudi kwenye gazeti.

Kingine ni picha. Ziwa Victoria lilifurika 2020 na likafurika tena 2024, na picha za nyumba zilizozama Dunga au za wakazi wa Budalang'i wakihama huzunguka kwenye WhatsApp kila msimu wa mvua kana kwamba zimepigwa asubuhi ya leo. Google Lens, programu ya kutafuta kwa picha, kwenye simu ya mwalimu itaonyesha kama picha ilishawahi kuchapishwa. Bila simu, mwanafunzi aikague picha yenyewe: mabango ya kampeni, sare za shule, nambari za magari. Gari lenye usajili wa KDG haliwezi kuwa ndani ya mafuriko ya Mei 2020, kwa sababu herufi hizo zilikuwa hazijafikiwa. Wanafunzi wa umri huu hupenda sana upelelezi wa aina hii, na watakusahihisha hata wewe.

Vyanzo viwili navyo vihesabiwe kwa uangalifu. Magazeti mawili yakiwa na nukuu ile ile, neno kwa neno, huenda yote yamenakili taarifa moja iliyotumwa na afisi fulani. Hicho ni chanzo kimoja kilichovaa nguo mbili.

Kuhusu mpangilio, wafanye kazi wawili wawili. Kundi la watano lina wafanyakazi wawili na abiria watatu. Mmoja atafute habari, mwenzake aihakiki, na wakati mwingine wabadilishane. Darasa la 60 lina jozi 30. Jozi tatu kila wiki zitakwisha kwa wiki kumi, ndani ya muhula mmoja. Katika kipindi cha dakika 40, kila jozi ipate dakika nne za kusema na nne za maswali. Zinazobaki ni za kupanga viti na za mwalimu kusahihisha.

Wasiandike hotuba. Kipande cha karatasi, robo ya A4, chenye mistari mitano isiyo sentensi kamili, kinatosha. Ukiruhusu sentensi kamili, watasoma kichwa kikiwa chini na darasa litalala. Bango la manila liwe na nambari moja kubwa, ramani au mchoro mmoja, na herufi za kichwa zisizopungua sentimita tano. Kalamu ya njano haionekani nyuma. Selotepu nayo haishiki ukuta wenye vumbi, afadhali mwenzake alishike.

Swali la kwanza kutoka darasani liwe lile lile kila mara: "Umejuaje?" Mwasilishaji akijibu "hilo sijalipata", asikatwe alama. Anayebuni jibu ndiye akatwe. Kati ya alama kumi, tatu ziende kwa chanzo, tatu kwa maelezo ya sababu, mbili kwa usahihi wa nambari, na mbili tu kwa sauti na ukakamavu. Ukizidisha hizo za mwisho, wasemaji hodari watashinda bila kuwa na habari yoyote.

Siasa isifukuzwe darasani, lakini ianze na uamuzi badala ya mtu: bajeti ya kaunti, ada mpya ya soko la Kibuye, barabara iliyofungwa. Ukianza na jina la mwanasiasa, nusu ya darasa itawasilisha maoni ya nyumbani. Picha za maiti zisiingie hata kwa bahati mbaya, kwa hivyo mwalimu aone bango siku moja kabla. Na habari ya mahakamani inayomhusu mtoto isitaje jina lake, shule yake wala kijiji chake, hata kama mtaa mzima unamjua.