Mama mkwe anataka nimwage maziwa ya kwanza

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na Mgujarati na tunaishi kwao, Ahmedabad, India. Mimba ina miezi minane, natarajia kujifungua mwishoni mwa Aprili. Mama mkwe ananipenda, lakini ameshanipangia kila kitu. Maziwa ya njano ya siku tatu za kwanza niyakamue niyamwage, eti ni machafu. Mtoto alambishwe galthuthi, yaani sukari guru na samli, au asali, na wifi yangu mkubwa ndiye atakayemlambisha ili mtoto arithi tabia yake. Joto likizidi apewe maji. Mimi nisile mtindi, samaki wala maharage, nisioshe nywele, na nisinyonyeshe nikiwa na hasira. Nikampigia mama yangu anisaidie, naye akaongeza lake: nisimkaribie mume wangu mpaka mtoto aache ziwa, tusije tukambemenda. Nimsikilize nani bila kuvunja nyumba?*
*Mama Kijacho, Ahmedabad*

Marahaba, mwanangu. Nyumba haitavunjika. Yagawe mambo hayo mafungu mawili: yanayoingia kinywani mwako, na yanayoingia kinywani mwa mtoto. Ya kinywa chako mnaweza kukubaliana, na mengine yana faida kubwa. Ya kinywa cha mtoto hayana mjadala. Miezi sita ya mwanzo asipewe chochote zaidi ya maziwa yako, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na daktari.

Nianze na maziwa ya njano, maana hapo ndipo penye hasara kubwa. Hiyo ndiyo dang'a. Rangi yake inatokana na karotini, ile ile inayoipa karoti rangi. Ni nzito kwa sababu imejaa kinga za mwili na chembe nyeupe za damu, na humsaidia mtoto kutoa kile kinyesi cheusi cha mwanzo, jambo linalopunguza umanjano wa ngozi na macho. Mama mkwe anaiona ni chache, anadhani titi bado halijawa tayari. Lakini uchache huo ndio kiasi anachohitaji mtoto: siku ya kwanza hupata mililita 2 hadi 10 kila anaponyonya, ya pili 5 hadi 15, ya tatu 15 hadi 30, ya nne 30 hadi 60. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Mwonyeshe hicho kijiko.

Sasa angalia kinachotokea dang'a ikimwagwa. Mtoto anapewa maji matamu au maziwa ya chupa, anashiba, analala, hanyonyi. Titi lisilonyonywa halipati ujumbe wa kutengeneza maziwa. Siku ya tatu maziwa yanaingia kwa kishindo, matiti yanajaa yanakuwa magumu, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inakaza mpaka mtoto hawezi kuishika. Anang'ang'ania ncha ya chuchu, chuchu inachanika, mama analia kwa maumivu, na nyumba nzima inasema, "Mnaona? Hana maziwa." Kopo la maziwa ya unga linanunuliwa. Wengi wanaoambiwa hawana maziwa walianzia kwenye siku hizo tatu.

Imani hii si ya nyumba yako tu. Ipo pia kwa baadhi ya jamii za Pakistani, Nepal na Bangladesh, kwa hiyo usiichukue kama mama mkwe anakuonea. Alifundishwa na waliomlea.

Galthuthi nayo ina hatari yake, na asali ndiyo mbaya kuliko vyote. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulinamu, ambazo tumbo la mtu mzima huzimudu lakini utumbo wa mtoto mchanga huziachia zikaota na kutoa sumu. Mtoto anafunga choo, kilio kinafifia, anashindwa kunyonya, shingo na viungo vinalegea. Kuichemsha jikoni hakuziui. Asali isiguse ulimi wake kabla ya miezi 12, hata tone. Sukari guru na samli zinaweza kuleta vijidudu vya kuharisha, na zinamshibisha pale anapotakiwa kuwa na njaa ya titi.

Lakini usimnyime wifi yako heshima yake. Mtoto akishanyonya mara ya kwanza, nawa mikono kwa sabuni, weka kidole gumba na cha shahada sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea mbavuni, kisha bana na uachie. Kinga matone ya dang'a kwenye kijiko kilichochemshwa. Wifi anawe mikono, amlambishe hilo. Desturi imetimia kwa maziwa yako mwenyewe.

Kujifungulia hospitali peke yake hakukulindi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia India wa 2019 hadi 2021 ulionyesha kuwa karibu asilimia 89 ya uzazi ulifanyika kwenye vituo vya afya, lakini watoto walionyonyeshwa ndani ya saa moja walikuwa kama asilimia 42. Mwombe daktari aandike kwenye faili lako sasa hivi: mtoto awekwe kifuani mara tu akizaliwa, ngozi kwa ngozi, asipewe maji ya glukosi bila sababu ya kitabibu. Hata ukijifungua kwa upasuaji wa ganzi ya mgongoni, inawezekana.

Akishika titi, kinywa kipanuke kama anapiga mwayo, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, na weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Maumivu yakiendelea, pitisha kidole kisafi pembeni mwa kinywa chake, mwachishe, mweke upya. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Matiti yakijaa sana siku ya tatu, yakande kwa kitambaa cha uvuguvugu dakika chache, kamua kidogo mpaka pale penye weusi palainike, ndipo umpe.

Maji? Joto la Mei Ahmedabad hupita nyuzi 40, najua. Maziwa yako ni maji kwa takriban asilimia 87. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, maji unywe wewe.

Upande wako sasa. Zile siku zao za kumtunza mzazi, sava mahino, ni arobaini yetu kabisa. Zipokee kwa mikono miwili. Kunyonyesha kunadai takriban kalori 500 za ziada kwa siku, na ladu, yale madonge matamu ya uwatu, gundar (gundi ya mti inayoliwa) na tangawizi kavu, zinasaidia kuzifikia. Ushahidi kwamba uwatu unaongeza maziwa ni mdogo, ila kwa kiasi cha chakula hauna neno, labda uwe unatumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda. Hapo muulize daktari kwanza. Mtindi, samaki na maharage usiviache. Gesi ya maharage inabaki tumboni mwako, haiingii kwenye maziwa. Ikikubidi uridhie jambo moja, acha mtindi wa baridi siku hizo arobaini na uongeze dengu na maziwa ya moto. Nywele osha, ukauke vizuri. Maziwa yana joto la mwili wako, hayapoi kwa nywele mbichi.

Kuhusu hasira, wazee waliona kitu cha kweli wakakieleza vibaya. Hasira au maumivu makali huchelewesha maziwa kushuka kwa muda, ila hayaharibiki. Kaa, vuta pumzi, mkumbatie mtoto, mpe.

Mama yako mwambie, kwa adabu, kwamba tendo la ndoa halichafui maziwa. Kinachomdhoofisha mtoto ni mimba kufuatana upesi na yeye kuachishwa ziwa ghafla. Mtoto akiwa chini ya miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya tu usiku na mchana, kinga dhidi ya mimba inafika asilimia 98. Sharti moja likikosekana, tafuteni njia nyingine ya uzazi wa mpango.

Mumeo ndiye azungumze na mama yake, kwa Kigujarati, kabla uchungu haujaanza. Kisha mchukue mama mkwe kliniki ayasikie haya kwa daktari wa huko. Mpe kazi: akuletee chakula usiku, amcheulishe mtoto, amkande mwili.

Ahesabu na nepi pia. Kuanzia siku ya tano ziwe sita au zaidi zilizolowa kwa saa 24, na kinyesi kiwe kimegeuka njano. Kupungua uzito kidogo mwanzoni ni kawaida, lakini kukifika asilimia 10, au asiporudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili, mpelekeni kwa daktari. Akilegea, akikataa kunyonya, akipata homa au umanjano ukishuka mpaka miguuni, mpelekeni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.