Uliyevua sare ukashika penseli: anza na lindo

Mwenzangu tuliyekuwa naye kombania moja alinijia hapa Wete na daftari kwapani. Kastaafu, anataka kuchora hadithi za katuni kama mimi. Nikalifungua: ukurasa wa kwanza bunduki, wa pili bunduki, wa tatu kifaru. Kazichora vizuri mpaka risasi za mkanda zinahesabika. Lakini hamna mtu hata mmoja humo ambaye ningetaka kujua kesho yake itakuwaje.

Nilimwambia: chora lindo kwanza. Sisi tunajua kuwa siku za milio ni chache na siku za kungoja ndiyo nyingi. Kungoja gari la maji, kungoja habari za nyumbani, kungoja saa kumi alfajiri zamu ipokewe. Hadithi yangu ya kwanza ambayo watu waliisoma hadi mwisho ina kurasa nane tu: kuruta wa Kipemba analinda ghala usiku, mfukoni ana karafuu alizotiliwa na mama yake, kila akichoka anazinusa. Adui hatokei.

Jeshi limekupa jicho, litumie. Jack Kirby wa Marekani alikuwa mchoraji wa katuni kabla ya kuitwa jeshini. Alifika Ufaransa Agosti 1944, na afisa wake alipojua kazi yake akampeleka mbele kupeleleza na kuchora ramani za alichokiona. Wewe pia ulifunzwa kuchora eneo mwenzako alielewe. Basi muoneshe msomaji mlango uko wapi na mwanga unatoka wapi, ndipo mtu aingie. Ila mpangilio wa kambi na hesabu ya silaha viache, na mwenzako aliyefariki usimchore bila ya idhini ya jamaa zake. Kiapo hakikustaafu pamoja nasi.

Kwenye maneno nitakaa kidogo, kwani ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Andika maneno kwanza, halafu uyazungushie kiputo, ule mviringo wa maneno ya msemaji. Wengi tuliiga katuni za Kimarekani, na maneno ya Kiingereza ni mafupi. "Hatutawasubiri" ni neno moja na limeshajaza kiputo. Ukitangulia kuchora kiputo, utazibana herufi mpaka mtu mzima ashindwe kuzisoma. Mimi sehemu ya juu ya kila kisanduku cha picha, kama theluthi hivi, naiacha tupu kwa ajili ya maneno.

Ukimaliza, mpe asiyezoea katuni asome kwa sauti mbele yako, wala usimsaidie. Shangazi yangu, aliyezoea tangu utotoni msahafu unaosomwa kutoka kulia, alianzia kisanduku cha kulia. Hakukosea, mimi ndiye sikumuonesha njia. Tangu siku ile kisanduku cha kushoto nakipandisha juu kidogo, na mtu wa ndani yake anatazama kulia.

Kuhusu fedha, nakusihi usikiguse kiinua mgongo. Nilichapisha nakala 500 kwa mkupuo, nikaziweka sakafuni, masika yakaingia, unyevu ukazila. Siku hizi nachapisha 50, zikiisha narudi tena. Na kinachonilipa zaidi ni michoro ya kuelekeza watu: namna ya kufunga jaketi la kuokoa maisha botini, namna ya kuchuma mkarafuu bila ya kuvunja matawi. Usiidharau kazi hii. Will Eisner, naye mchoraji wa katuni, aliingia jeshi la Marekani mwaka 1942 akawachorea askari utunzaji wa magari, na kuanzia 1951 akalichorea jarida zima la matengenezo ya zana. Kabla hujamkabidhi mtu michoro yako, isajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar.

Mwenzangu aliondoka na karatasi kumi. Juzi kanitumia ukurasa mmoja kwa simu: askari wanne wamejilaza kivulini chini ya gari, mmoja anashona kifungo cha shati. Nikamuuliza kifungo kilikatikaje. Hakunijibu kwa maneno. Jioni ukaja ukurasa wa pili.