Tambi za Mchina: je, kupiga Bismillah kunatosha?

SWALI: Asalaam aleikum, shekhe. Nafanya kazi kwenye duka la vigae hapa Sakina, Arusha. Jirani kimefunguliwa kimgahawa cha tambi za pilipili za Kichina, na bosi wetu, naye Mchina, hutulipia hapo chakula cha mchana. Mimi huagiza bila nyama. Wenzangu Waislamu wanasema nipige Bismillah nile, nisichunguze. Moyo hautulii, maana jiko hilo hupika na nguruwe, lakini nikikataa nitaonekana naringa, na kazi yenyewe nimeipata juzi.

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Hukumu ya nguruwe unaijua. Kilichonisukuma kujibu ni hiyo "piga Bismillah ule", maana siku hizi naisikia hata kwa wanaoswali safu ya mbele.

Hoja yao ni Hadithi ya Bibi Aisha aliyoipokea Bukhari: watu walimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa wanaletewa nyama wasiyojua kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu, akawaambia walitaje wao, wale. Hadithi ni sahihi, ila hawa wanaikata mkia. Bibi Aisha ameeleza kwamba walioleta nyama hiyo walikuwa wamesilimu karibuni. Wachinjaji ni Waislamu, mnyama ni halali, kilichobaki ni wasiwasi tu. Bismillah iliondoa wasiwasi. Haikumgeuza nguruwe kuwa mbuzi! Kuipeleka Hadithi hiyo kwenye jiko ambalo kitimoto ni kitu cha kila siku ni kumsingizia Mtume.

Tena sikiliza. Tambi za pilipili za mtindo wa Chongqing, zile zinazotia ulimi ganzi, kwa desturi huwekewa mafuta ya nguruwe ndani ya bakuli pamoja na viungo, kabla tambi hazijatiwa. Ukisema "bila nyama" unaondolewa kilicho juu, mafuta yanabaki chini. Mpishi hakudanganyi, kwake hayo si nyama.

Wapo pia watakaokwambia kila alichoshika Mchina ni najisi. Wapuuze. Mtume alikula nyama aliyoletewa na mwanamke wa Kiyahudi kule Khaybar, na huko Uchina tambi za ng'ombe za Lanzhou ni chakula cha Waislamu wa kabila la Hui.

Kwa hiyo usile hapo mpaka uulize: mafuta gani, supu ya mifupa gani, kuna pombe ya kupikia, kuku kachinjwa na nani? Akikubali kukupikia kwa mafuta ya alizeti, vyombo vioshwe kwanza, kama Mtume alivyomwagiza sahaba wake Abu Thaalaba kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo. Sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, chombo kilichoguswa na nguruwe tunakiosha mara saba, moja kwa udongo, ingawa Imamu Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu yetu, aliona dalili ya kuosha mara moja ina nguvu zaidi.

Ulizokwisha kula bila kujua hazina dhambi; soma katika Qurani sura ya Al-Ahzab, aya ya 5.

Kuhusu kazi, naelewa hofu yako. Kijana aliyepata ajira juzi hataki kuonekana msumbufu. Mwone bosi mkiwa wawili, si mezani mbele za watu, wala usikitukane chakula cha kwao. Mwambie dini yako hairuhusu nguruwe. Wachina wanaishi na Wahui, si habari ngeni kwao. Omba hiyo hela ukanunue wali maharage kwa mama ntilie, kisha urudi ukae na wenzako. Akikataa, beba cha nyumbani. Na hao waliokuhimiza Bismillah, nenda nao siku utakapomuuliza mpishi, wamsikie kwa masikio yao.